Baiskeli ya Milimani Ikigoma Topeni: Anza na Dalili, Kisha Tafuta Chanzo

Mvua zikishika, zile za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba, malalamiko ya waendesha baiskeli za milimani hapa Uganda huwa yale yale. Cheni inaruka. Breki inapiga kelele au haishiki kabisa. Gia zinajibadilisha zenyewe. Kanyagio linazunguka na baiskeli haiendi. Nimeyasikia Jinja, Mbale na Kabale, na mengi yamenipata mimi mwenyewe kwenye vijia vya msitu wa Mabira na miteremko ya Mlima Elgon.

Baada ya miaka ya kufungua na kufunga, jambo ninaloliamini kuliko yote ni hili: mara nyingi kifaa hakijaharibika, kimejaa tope. Na tope si maji tu. Ndani yake mna mchanga laini, nao ukichanganyika na mafuta ya cheni huwa msasa unaosaga chuma kila unapokanyaga. Kwa hiyo utaratibu wangu ni mmoja kwa kila dalili: osha, kagua, kisha ndipo ushike spana. Anayeanza na spana huvuruga vitu vilivyokuwa sawa, na tope linabaki pale pale.

Udongo nao haufanani. Ule mwekundu wa barabara za murramu hutoka upesi ukimwagiwa maji, lakini umejaa punje ngumu zinazokula pedi za breki. Mfinyanzi wa mabondeni, ule wanaofyatulia matofali, hunata na kuganda kwenye tairi tabaka juu ya tabaka. Udongo mweusi wa volkano kule Kisoro hupitisha maji vizuri na hauzibi magurudumu sana, ila unakwaruza. Ukijua umepita wapi, umeshajua nusu ya kasoro.

Gurudumu limegoma kuzunguka

Chanzo cha kawaida ni mfinyanzi uliojaa katikati ya tairi na foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, au nyuma ya krenki, mikono inayobeba kanyagio, pale fremu inapobana. Kinachofuata kwa wingi ni tairi pana kuliko fremu inavyoruhusu, au madigadi zilizofungwa karibu mno na tairi. Mara chache gurudumu lenyewe limepinda.

Usikanyage kwa nguvu ukidhani litajisafisha. Hapo ndipo majani na tope huivuta deraila, kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni, kikaingia kwenye spoku. Kwa kukanyaga mara moja tu unaweza kupoteza deraila, spoku kadhaa na sikio la fremu linaloibeba. Shuka. Okota kijiti, uchokonoe juu ya tairi la mbele, juu ya tairi la nyuma, na nyuma ya krenki. Bisibisi haifai, itakwaruza fremu na kuchana tairi. Rudisha baiskeli kinyumenyume hatua chache, tope jingi litadondoka lenyewe. Kama njia bado ni mfinyanzi mtupu, beba baiskeli begani au isukume kwenye nyasi za pembeni. Si aibu. Wenyeji wenye baiskeli nyeusi za mizigo hufanya hivyo kila msimu.

Ukishasafisha na gurudumu bado linagusa, linyanyue ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, spoku zimelegea au imekatika moja. Spoku moja iliyokatika ifunge kwenye ya jirani yake ili isinase kitu, uende nyumbani polepole. Zikiwa mbili au zaidi, usiendeshe, mpelekee fundi mwenye kifaa cha kunyoosha rimu.

Cheni inaruka ukikanyaga kwa nguvu

Hapa pana vyanzo vingi, nitavipanga kuanzia kilicho cha kawaida zaidi.

Kwanza, tope na nyasi zilizosongamana katikati ya gia za nyuma. Cheni haifiki chini ya meno, hivyo inapanda na kuruka. Chokonoa kwa kijiti chembamba au mswaki wa zamani, halafu jaribu tena kabla ya kugusa skrubu yoyote ya deraila. Kwa baiskeli nyingi nilizoletewa wakati wa mvua, dawa ilikuwa hiyo tu.

Pili, cheni kavu. Maji yamebeba mafuta yote na sasa inalia. Ioshe kwa maji ya sabuni, ifute, iache ikauke, ndipo utie tone moja la oili ya cheni kwenye kila kiungo. Zungusha krenki kinyumenyume kwa dakika moja, kisha futa nje kwa kitambaa mpaka ing'ae. Oili inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani. Iliyobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi la kesho.

Mafuta ya taa yanasafisha cheni vizuri, mradi uyatumie kwa kitambaa, mbali na diski za breki na mbali na moto, na uyaache yakauke kabisa kabla ya kutia oili. Lakini nakuomba sana, usitumie oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya bodaboda. Najua ni ya bure na kila gereji inayo. Ina unga wa chuma ndani yake na ni nzito. Unakuwa umeongeza msasa juu ya msasa.

Tatu, kiungo kimoja kimekakamaa. Zungusha krenki kinyumenyume kwa mkono huku ukiangalia cheni inavyopita kwenye deraila. Kiungo kibovu kitaruka kidogo kila kikifika pale. Kishike kwa mikono miwili, ukipinde taratibu kushoto na kulia mpaka kilegee, kisha kitie oili.

Nne, cheni imechakaa. Kipimo chake ni rula tu. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni milimita 12.7, kwa hiyo nafasi 24 za cheni mpya ni milimita 304.8. Pima cheni ikiwa imevutwa. Ukipata 306.3, cheni ya gia 11 au 12 imemaliza kazi yake. Ya gia 8 hadi 10 unaweza kuivumilia mpaka kama 307. Ikifika 308, kuna uwezekano mkubwa imeshakula na kaseti, lile fungu la gia za nyuma. Watu wengi hununua cheni mpya, wakaifunga juu ya kaseti iliyolika, ikaruka vibaya kuliko ile ya zamani, wakamlaumu muuzaji. Kosa si la cheni. Meno ya zamani yamezoea cheni iliyorefuka, nayo mpya hayawezi kuishika.

Mwisho, sikio la deraila limepinda. Simama nyuma ya baiskeli, uangalie kama kimkono kimening'inia wima chini ya gia. Kikiwa kimeinama kuelekea spoku, usibadilishe kwenda gia kubwa kabisa ya nyuma, kitaingia ndani ya gurudumu. Masikio mengi ni ya alumini na hukatika yakirudishwa kwa mkono mara kwa mara. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kifaa chake.

Kuna kasoro moja inayofanana na kuruka lakini si kuruka: cheni hunaswa na meno ya mbele na kuvutwa juu mpaka ikakwama kwenye fremu. Ukisikia mkwaruzo huo, acha kukanyaga papo hapo. Tope ndilo chanzo kikuu, likifuatiwa na jino lililopinda kwenye gia ndogo ya mbele. Fremu ya kaboni ikiwa imechanwa na cheni, usiipande tena mpaka mtu anayeijua kaboni aione.

Breki

Dalili hii naomba usome polepole. Cheni mbovu itakuchelewesha, breki mbovu itakutupa korongoni.

*Inapiga kelele.* Diski iliyolowa hulia kwa muda, na hiyo ni kawaida. Minya mara tatu nne ukiwa kwenye mwendo mdogo, itakauka. Ikiendelea kulia hata baada ya kukauka, pedi zimeshika uchafu au mafuta. Mafuta hutoka kwa mwenyewe mara nyingi: umepuliza oili kwenye cheni na upepo ukaipeleka kwenye diski. Futa diski kwa spiriti na kitambaa kisichoguswa na mafuta. Pedi zilizonyonya oili mimi hubadilisha. Wapo wanaozichoma juu ya jiko ili mafuta yatoke. Sishauri, kwani moshi wake ni mbaya na pedi hazirudi kuwa za kuaminika.

*Mkono wa breki unafika hadi kwenye usukani.* Wakati wa mvua, chanzo cha kwanza ni pedi zilizokwisha. Nilijifunza hili nikiteremka kutoka Kapchorwa kwenda tambarare, siku ya mvua ya kutwa. Asubuhi pedi zilikuwa na unene wa kutosha, mchana breki zilishika, alasiri mkono wa breki ya nyuma ukaanza kushuka kidogo kidogo. Nilidhani ni waya umelegea, nikakaza. Ukashuka tena, nikakaza tena. Nilipochungulia, chuma kilikuwa kikisaga chuma. Kukaza kulinificha ugonjwa badala ya kuutibu. Nikatembea kwa miguu kilomita zote zilizobaki, na tangu siku hiyo nabeba jozi ya pedi za akiba mfukoni.

Basi chungulia kwanza. Mulika tochi ndani ya kaliper, kile kifaa kinachobana diski. Kilichobaki cha pedi, bila kuhesabu bamba la chuma la nyuma, kikikaribia nusu milimita, ubadilishe. Kabla ya safari ya milimani mimi hubadilisha hata kwenye milimita 1. Pedi laini za resini huisha upesi sana kwenye mchanga uliolowa. Zile zenye unga wa chuma hudumu zaidi topeni, ila angalia maandishi kwenye diski: baadhi ya diski za bei nafuu zimetengenezwa kwa pedi za resini peke yake, na zitalika.

Pedi zikiwa nzima, na breki ni ya waya, angalia waya uliokatika nyuzi au uliojaa tope ndani ya ganda lake. Hapo sasa ndipo kukaza kunaruhusiwa. Kama breki ni ya mafuta, na mkono unabonyea kama sponji, kuna hewa ndani au pana mahali panapovuja. Acha hapo, nenda kwa fundi, na usione haya kumwuliza: "Fundi, mafuta unayotia ni ya aina gani?" Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Za SRAM, nyingi hutumia DOT, mafuta ya breki kama ya magari. Ukichanganya, raba za ndani huvimba na breki yote inakufa. Mafundi wetu wa mitaani ni hodari wa friwili (ile sehemu inayobeba gia za nyuma), spoku na kuchomelea, lakini si kila mmoja anayo chupa sahihi ya mafuta ya breki. Mafuta ya kupikia si mbadala, hata kwa siku moja.

*Breki za rimu.* Hizi bado ndizo nyingi kwenye baiskeli za mtumba. Zikichelewa kushika kwenye maji hiyo ni tabia yao, anza kuminya mapema. Zikikwaruza, toa raba za breki na uchomoe punje za mchanga na vipande vya alumini kwa ncha ya pini. Kisha pitisha kidole kwenye uso wa rimu. Ukihisi umebonyea katikati kama bakuli, au alama ya kuchakaa imefutika, rimu imekuwa nyembamba. Tairi lenye upepo linaweza kuipasua ukiwa kwenye mwendo. Usiipande tena.

Jambo la mwisho kwa aliyenunua mtumba: baiskeli nyingi kutoka Ulaya bara zina breki ya mbele upande wa kushoto, wakati za Uingereza huwa kulia. Ijue yako kabla ya kufika kwenye utelezi. Na diski baada ya mteremko mrefu huunguza, usiiguse kwa kidole.

Gia zinachelewa au zinajibadilisha

Karibu kila mara ni waya. Maji yameingia ndani ya ganda, yamebeba udongo, waya unasuguana. Uchomoe ganda kwenye vishikio vyake, utelezeshe pembeni, ufute waya na utie tone la oili nyepesi. Ukiwa na kutu au nyuzi zimefumuka, badilisha waya pamoja na ganda. Bei yake si kubwa na kazi yake ni ya nusu saa. Baada ya hapo zungusha kirekebishi cha waya nusu mzunguko kwa wakati mmoja. Skrubu mbili ndogo za deraila usiziguse. Zile huweka mipaka ya mwisho, na mvua haiwezi kuzihamisha.

Kanyagio linazunguka tupu

Cheni inazunguka, gia zinazunguka, gurudumu limesimama. Ndani ya friwili mna ndimi ndogo zenye springi ambazo hushika ukikanyaga mbele. Tope au grisi iliyoganda imezilaza. Watu hushtuka wakidhani habu, yaani kitovu cha gurudumu, imevunjika, kumbe hapana.

Ukiwa njiani, mwagia maji safi kidogo, zungusha kinyumenyume kwa kasi, gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi. Zikishika, rudi nyumbani umekaa kitini. Ukisimama kwenye kanyagio na ndimi zikateleza, utaanguka juu ya usukani. Nyumbani, dawa ni kufungua, kusafisha na kutia oili au grisi nyepesi. Grisi nzito ya malori ndiyo mara nyingi iliyoleta tatizo lenyewe. Kama ni friwili ya zamani inayokazwa kwa kuzungushwa kwenye habu, ndani mna gololi nyingi ndogo ambazo zitatawanyika sakafuni, mwachie fundi.

Mlio katikati, usukani unagonga

Mlio wa kila mzunguko wa krenki, anza na kanyagio: zichomoe, safisha nyuzi za skrubu yake, tia grisi, rudisha. Kumbuka kanyagio la kushoto hulegezwa kwa kuzungusha kinyume na mazoea. Kisha shika krenki zote mbili uzitikise kwa ubavu. Zikicheza pamoja, beringi za katikati zimeingia maji. Ikicheza moja tu, bolti yake imelegea, na hapo usiendelee hata mita mia: tundu la mraba la krenki likishapanuka halikazi tena maisha.

Usukani nao, minya breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugonga kwenye shingo ya fremu, beringi za usukani zimelegea au zimelika. Mlegeo mdogo unakazika. Ukihisi vishimo wakati wa kugeuza, beringi zimekufa.

Tairi linateleza hata tambarare

Upepo ni mwingi mno. Hilo ni jibu kwa wengi, kwa sababu pampu za kandokando ya barabara hujaza tairi kama la kubebea matooke. Kwa tairi la upana wa inchi 2.2 hadi 2.4, mtu wa uzito wa kati anaweza kushuka hadi psi (kipimo cha upepo) 25 au 28 topeni. Ukiwa na tyubu, usishuke sana, maana ukigonga jiwe tyubu hubanwa kwenye rimu na kupata pancha ya matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba. Ongeza upepo kidogo.

Kama upepo uko sawa, angalia vibonge vya tairi: vikiwa vidogo na vilivyokaribiana, mfinyanzi utaviziba na tairi litakuwa kama limenyolewa.

Lakini upo utelezi usiotokana na tairi. Kwenye miteremko ya Elgon, ukiona nyufa mpya ardhini, miti iliyoinama upya, au chemchemi inayotoa maji ya tope mahali palipokuwa pakavu, geuza baiskeli. Maporomoko ya Nametsi, Bududa, Machi 2010 yalifukia kijiji baada ya mvua kubwa, na Bulambuli yakarudi Novemba 2024. Waulize wenyeji kabla ya kupanda, na wakikwambia "leo hapana", sikiliza.

Ilikuwa nzima, imeanza kulia baada ya kuoshwa

Mashine ya presha ya kuoshea bodaboda ndiyo chanzo cha kwanza. Maji yake hupenya raba za beringi kwenye habu, katikati na usukani, yakasukuma grisi nje na kuacha mchanga ndani. Kijana anayeosha hana kosa, amezoea pikipiki. Mwambie asimamie mbali, asielekeze mdomo wa mpira kwenye vitovu vya magurudumu wala krenki. Bora zaidi, omba ndoo mbili na brashi ufanye mwenyewe.

Pia usiingie ziwani au kwenye ukingo wa Nile kuoshea baiskeli. Kichocho kipo Ziwa Victoria, Ziwa Albert na kando ya mto, na huingia kupitia ngozi wakati umesimama majini. Chota maji, oshea juu kwenye nchi kavu.

Ukimaliza, chomoa nguzo ya kiti, pindua baiskeli maji yaliyoingia kwenye fremu yamwagike, na uangalie kama tundu dogo chini ya krenki halijazibwa na tope. Pakaza nguzo grisi kabla ya kuirudisha, ila kama fremu au nguzo ni ya kaboni tumia mafuta maalumu ya kaboni. Nguzo iliyoachwa na maji msimu mzima huganda ndani ya fremu. Ikishaganda usiipige nyundo wala kuizungusha kwa bomba refu, mpelekee fundi ikiwa bado imefungwa.